Mji au kijiji: nani atoaye jina?

Juma lililopita tulipokea barua ya baba mmoja wa jamaa, mkulima wa mihogo na maharagwe katika milima ya Kivu. Barua yake ni fupi, tena haina hasira. Asema kwamba mahali pao palikuwa kijiji tangu siku za babu yake, kisha wakaja wakubwa wakatangaza kwamba sasa ni komine. Tangu siku ile nyumba hazikuongezeka, njia haikutengenezwa, na maji yachotwa kijitoni kama zamani. Walioongezeka ni watu wawili. Wa kwanza ni mtoza ushuru wa soko, aliyekuja kusimama karibu na yule wa sultani, ambaye naye hakuondoka. Wa pili ni mpimaji mwenye kamba, aliyepita katikati ya shamba lake akipanda vijiti. Mwanawe, aliye katika shule ya sekondari, aliandika katika daftari yake kwamba yeye ni mwenyeji wa kijiji. Mwalimu akalifuta neno hilo, akaandika juu yake: mji. Baba huyu auliza: Je, sisi ni watu wa mji ama wa kijiji? Na nani mwenye haki ya kutuambia?

Twakiri kwamba tuliposoma mara ya kwanza tulicheka kidogo kwa ajili ya yule mwalimu na kalamu yake. Tuliposoma mara ya pili hatukucheka. Maana neno moja lililoandikwa ofisini laweza kuamua nani atatoza kodi, zahanati itajengwa wapi, na kama shamba la jamaa litakaa shamba au litakatwa parseli. Basi leo twataka kumjibu baba huyu mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa twajua kwamba si yeye peke yake.

Jambo lenyewe ni la kale. Mwinjili Luka asimulia jinsi Kaisari Augusto alivyotoa amri watu waandikwe, na jinsi Yosefu alivyotoka Nazareti pamoja na Maria kwenda kuandikwa Betlehemu. Katika Kigiriki alichoandika, Luka aiita Betlehemu mji. Lakini Mtakatifu Yohane, katika sura ya saba ya Injili yake, atumia neno la Kigiriki lenye maana ya kijiji. Ni mahali pale pale. Nazareti nayo Luka aiita mji, ingawa wachimbaji wa mambo ya kale wadhani kwamba siku zile palikaa watu mia chache tu. Hakuna Mwinjili aliyesema uwongo. Ni kwamba watu hawakuwa na kipimo kimoja cha kupimia maneno hayo mawili. Hata neno letu mpagani, lililotoka katika Kilatini, hapo kwanza lilimtaja mtu wa mashambani, na baadaye ndipo likawa jina la asiyebatizwa. Wakristu wa vijijini, ambao leo ndio wanaojaza makanisa yetu, na waisamehe lugha hiyo ya Kilatini.

Hapa Kongo mambo yalianzia katika sheria. Dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 iliweka vituo vilivyoitwa kwa Kifaransa centres extra-coutumiers, yaani vituo vilivyo nje ya desturi. Waliokaa humo walikuwa watu waliotoka kwao kutafuta kazi katika migodi, katika njia ya reli, katika maduka na ofisi. Mtu hakuweza kutoka katika usultani wake na kuhamia huko kama apendavyo. Alihitaji barua ya ruhusa ya kuhama, na wazee wetu walituhadithia jinsi ilivyotafutwa kwa jasho. Baadaye, dekreti ya tarehe 26 Machi 1957 ilitengeneza hadhi ya miji, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ambazo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi, wakapiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komine zao.

Angalieni vema swali lililoulizwa na serikali ya siku zile. Haikuuliza: mtu huyu aishi kwa jembe au kwa mshahara? Iliuliza: mtu huyu yuko chini ya nani, chini ya sultani na desturi, au chini ya mtawala wa kituo? Kwa hiyo mji ulikuwa jina la utawala kuliko kuwa jina la maisha. Lakini wale waliopewa kazi ya kuhesabu watu waliona mapema kwamba kipimo hicho hakiwatoshi. Katika uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu uliofanywa miaka ya 1955 hadi 1957, hawakugawa Kongo sehemu mbili, bali tatu: watu wa mjini, watu wa vijijini, na watu wa mahali pa mchanganyiko. Twaomba msomaji alishike neno hilo mchanganyiko, maana tutalirudia.

Sheria ya leo ni ile ya tarehe 7 Oktoba 2008. Yasema kwamba mji ni makao makuu ya kila jimbo, na tena kila makao ya watu wasiopungua 100,000 yenye majengo na vyombo vya kuwafaa wote, ikiwa Waziri Mkuu ameyapa hadhi hiyo kwa dekreti. Komine ni makao makuu ya kila teritwari, na kila sehemu ya mji, na tena makao ya watu wasiopungua 20,000 yaliyopewa hadhi hiyo kwa dekreti. Msomaji mwenye macho ataona kwamba hapa kuna milango miwili. Wengine huingia kwa sababu ya wingi wao. Wengine huingia kwa sababu ofisi ya mkubwa imejengwa kwao, hata wakiwa wachache. Na mlango wa kwanza una ugumu wake: ili kujua kwamba mahali fulani pana watu 20,000, sharti kwanza wawe wamehesabiwa.

Mwaka 2013 dekreti zilitoa hadhi ya mji au ya komine kwa sehemu nyingi kwa mara moja. Mahali pengine ilikuwa haki kabisa, nasi tulifurahi. Butembo, kwa mfano, palikuwa mahali pakubwa pa biashara muda mrefu kabla ya kupata hadhi ya mji mwaka 2003. Lakini mahali pengine komine mpya ilikatwa katika tumbo la usultani au la sekta, pale penye soko, yaani pale penye feza. Masultani wakalalamika kwamba wameachiwa milima na wamenyang'anywa ushuru. Mwaka 2020, kwa habari ya Minembwe, neno hilo komine lilileta maneno makali mno katika nchi nzima, hata Rais wa Jamhuri akafuta kusimikwa kwa wakubwa wake. Hatuingii katika ugomvi ule, wala si kazi ya ukurasa huu. Twautaja tu ili wasomaji wetu vijana waone kwamba wanaogombania jina la mahali mara nyingi hawagombanii herufi zake.

Sasa tuje kwenye shamba, maana hapo ndipo barua ya baba yule ilipotuuma. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliandika kwamba ardhi za mjini ni zile zilizo ndani ya mipaka ya sehemu zilizotangazwa na sheria kuwa za mjini, na ardhi nyingine zote ni za vijijini. Someni tena polepole. Haikutaja nyumba, wala barabara, wala taa. Ilitaja mpaka. Basi mpaka ukisogezwa, shamba la mihogo lisilosogea hata hatua moja laweza kulala usiku ni ardhi ya kijiji na kuamka asubuhi ni ardhi ya mji. Na ardhi ya mji hupimwa, hugawanywa parseli, na hupewa mtu kwa mkataba ulioandikwa. Jamaa iliyolima hapo kwa neno la babu na la sultani, isiyo na karatasi, yakutana na mtu mwenye karatasi. Sheria ile ile iliahidi amri ya Rais itakayoeleza haki za wenyeji juu ya ardhi walizozikalia kwa desturi. Makumi ya miaka yakapita bila amri hiyo. Wajane ndio wanaoumia kwanza, kwa kuwa mara nyingi haki yao ilikaa vinywani mwa wazee peke yake, na wazee hufa.

Hatusemi kwamba kupimwa kwa ardhi ni kubaya. Karatasi nzuri yaweza kuilinda jamaa kuliko neno la shahidi aliyezeeka. Tunalosema ni hili: kuandika jina la mji juu ya mahali si jambo la sherehe tu, la ngoma na bendera.

Tumesema juu ya sheria. Sasa tuseme juu ya wahesabuji. Kazi yao ni nyingine kabisa. Mwenye kupanga maendeleo hahitaji kujua mkubwa gani apiga mhuri. Ahitaji kujua jinsi watu wanavyokaa. Kijijini, adui wa mama mwenye mimba ni mwendo: saa tatu, saa nne kwa miguu, na mto katikati. Mjini, zahanati yaweza kuwa ng'ambo ya barabara, lakini pana bei, na msururu wa watu mlangoni. Kijijini chemchemi iliyojengewa vizuri yaweza kutosha jamaa nyingi. Lakini pale nyumba zinapobanana, choo cha jirani kikiwa hatua chache toka kisima chako, kisima kilichoponya jana chaleta kipindupindu leo, na hapo lazima mabomba. Kama umehesabu mahali hapo kuwa kijiji, utaleta chemchemi palipohitaji mabomba. Kama umehesabu kijiji kuwa mji, utaandika kwamba watu wako karibu na daktari, nao wako mbali.

Wahesabuji wa nchi yetu katika hesabu kubwa ya mwaka 1984 walikuwa na kipimo chao: makao ya watu 2,000 au zaidi, ambapo kazi iliyo kubwa si ya kulima, wakaongeza na makao madogo zaidi ambayo kazi zake zafanana na za mjini. Kipimo hicho kilikuwa na akili, kwa sababu kiliuliza habari za kazi. Lakini hesabu ile, iliyopata watu karibu milioni 30, ndiyo ya mwisho iliyokamilika katika nchi yote. Wapangaji wakosapo hesabu mpya hushika kilicho karibu, nacho ni orodha ya miji na komine za serikali. Ndipo jina la sheria laingia katika vitabu vya takwimu kana kwamba ni habari ya maisha.

Tutoe mfano mmoja ulio wazi. Kinshasa yote kwa sheria ni mji. Ina kilometa za mraba 9,965. Katika hizo, komine ya Maluku peke yake ina 7,948, na sehemu kubwa yake ni nyika na mashamba ya mihogo ya uwanda wa Bateke. Mkulima wa huko, aliye mbali na lami, ahesabiwa kuwa mtu wa mji mkuu. Watoto wake wachanganywa katika hesabu moja na watoto wa Gombe, penye mabalozi na mahoteli, kisha hutolewa wastani. Wastani huo haumwelezi huyu wala yule. Na huku kwetu mashariki pana kambi za wachimba dhahabu, zenye maduka, baa, mabati yaliyoshikana na watu wasioshika jembe mwaka mzima, ambazo kwa karatasi bado ni vijiji vya sultani.

Je, pana nchi iliyofungua fundo hili? Twaona kwamba India imejaribu kwa njia ya unyofu. Huko kuna miji ya sheria, na kuna miji ya hesabu, kila namna katika orodha yake. Mahali penye watu 5,000 au zaidi, wasiopungua 400 kwa kila kilometa ya mraba, na ambapo katika wanaume wafanyao kazi 75 kwa mia hawafanyi kazi ya kulima, wahesabuji huwaita mji, hata kama bado huongozwa na baraza la kijiji. Mwaka 2001 miji ya hesabu ilikuwa 1,362. Mwaka 2011 ilipita 3,800. Hakuna aliyeondolewa chini ya wakubwa wake kwa ajili hiyo. Wapangaji walipata habari yao, na vijiji vikakaa na baraza zao. Haikumaliza magomvi yote, maana wako wanaotaka jina na wako wanaolikimbia kwa kuogopa kodi. Lakini angalau kila swali lina jibu lake.

Tena, mwezi wa Machi mwaka 2020, Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikubali kipimo kimoja cha kulinganisha nchi zote. Dunia hukatwa miraba ya kilometa moja moja, kama daftari ya hesabu. Miraba inayogusana yenye watu 1,500 au zaidi kila mmoja, ikifikisha pamoja watu 50,000, huitwa jiji. Yenye watu 300 au zaidi kila mmoja, ikifikisha pamoja watu 5,000, huhesabiwa kuwa miji ya kadiri. Inayobaki ni vijiji na mashamba. Kipimo hicho hakimwulizi mkubwa yeyote, wala hakijui mhuri. Lakini tazameni kilivyogeuza hesabu. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa, ukifuata maana ya kila nchi, ulisema kwamba watu wa mijini ni 55 kwa mia ya watu wote wa dunia. Mwaka 2025, kwa kipimo kipya, ulisema majiji yana 45 kwa mia, miji ya kadiri 36, na vijiji 19 tu. Hatuamini kwamba dunia ilihama hivyo kwa miaka saba. Kilichobadilika hasa ni kanuni.

Nasi watu wa Maziwa Makuu tuna neno la kusema hapa. Hesabu ya Rwanda ya mwaka 2022 ilipata watu 503 kwa kila kilometa ya mraba katika nchi nzima, lakini serikali yao ilihesabu kwamba 72 kwa mia wakaa vijijini. Kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu nacho kimejaa watu pande zote, nao ni wakulima wa migomba, maharagwe na kahawa. Kwa miraba ile mkulima wa mlima wenye watu wengi aweza kuamka ameitwa mtu wa mji, bila kuwa na mshahara, wala bomba, wala taa. Picha zilizopigwa toka juu angani huona bati. Jembe lililosimamishwa nyuma ya mlango hazilioni. Kwa hiyo wenye kuisifu miraba kana kwamba imemaliza kazi, sisi hatuandamani nao. Miraba na itumike kulinganisha nchi na nchi. Mwenye kujenga zahanati ya Idjwi na aende Idjwi.

Maoni yetu ni kwamba jina la sheria lisitumiwe kuhesabia, na jina la hesabu lisitumiwe kutozea kodi. Komine iliyoundwa kwa dekreti yaweza kuwa na mkubwa wake na baraza lake, lakini katika vitabu vya takwimu watu wake waandikwe kama waishivyo. Na ile sehemu ya tatu ya miaka ya 1955, mahali pa mchanganyiko, irudishwe kwa heshima, maana ndipo wanapokaa wengi wa wasomaji wetu: baba ana pikipiki ya kubeba abiria, mama ana shamba la saa moja kwa miguu, mtoto mkubwa afundisha shule, na mahindi yaota hata ukutani mwa nyumba. Kuwalazimisha hao kuchagua upande mmoja ni kuwapoteza katika pande zote mbili.

Sasa twarudi kwako, baba uliyetuandikia. Kwa sheria, ikiwa dekreti iko, wewe ni mtu wa komine. Uliza namba yake na tarehe yake, nao hawana haki ya kukuficha. Sheria ya mwaka 2008 yakubali kwamba ndani ya komine pawe na mitaa, na pia vikundi vya vijiji vilivyoingizwa humo pamoja na wakubwa wao. Uliza kama kikundi chenu kimeandikwa hivyo. Kwa habari ya vijiti vya mpimaji, usivingoe usiku. Nenda pamoja na jirani zako wenye mpaka nawe, na mzee anayeujua mpaka, mwandike majina yenu kwa karatasi moja mbele ya mkubwa wa kikundi na mbele ya komine, mkashike nakala. Mkeo naye aandikwe kwa jina lake. Kwa watoza ushuru wawili, dai risiti kwa kila mmoja. Mwenye kunyima risiti amejitambulisha.

Siku wahesabuji watakapobisha mlangoni, waambieni kweli. Twasikia vijana wengi, wakiulizwa kazi yao, hujibu kwamba hawana kazi, nao asubuhi ile ile walirudi shambani na tope miguuni. Hudhani kwamba kulima ni aibu kwa mtu wa komine. Wakijibu hivyo wote, kitabu kitasema kwamba mahali penu hapana wakulima, wala hakuna atakayeleta mbegu, wala njia ya kutolea mihogo.

Na mwanao asigombane na mwalimu wake. Katika daftari ya shule aache neno lile alilosahihishiwa, kwa kuwa sheria imelitoa. Lakini palipo na nafasi ya kuandika kazi ya wazazi, aandike kwa wino: wakulima.